Buibui, Kina cha Maji na Damu: Kucheza Gemu kwa Mwenye Fobia

Fobia ni hofu kali ya kitu au hali fulani, isiyolingana na hatari iliyopo, inayomsukuma mtu kukikwepa kitu hicho hata pale kukikwepa kunapomgharimu. Mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili unaotumika Marekani, toleo la tano la 2013, huihesabu hofu ya namna hii kuwa fobia ikiwa kwa kawaida imedumu miezi 6 au zaidi. Mwongozo huo huzipanga fobia za vitu mahususi katika makundi: wanyama na wadudu, mazingira ya asili kama kina cha maji, kimo na radi, damu, sindano na majeraha, hali kama kufungiwa mahali pembamba, kupanda lifti au ndege, na nyingine zisizoingia humo. Watengenezaji wa gemu za video wamechota katika kila kundi. Limbo ya 2010 humkutanisha mchezaji na buibui mkubwa mapema kabisa. Mirror's Edge ya 2008 huchezwa juu ya mapaa ya maghorofa. Subnautica, iliyokamilika 2018, imejengwa juu ya bahari ambayo mwisho wake hauonekani, na Dead Space 2 ya 2011 ina tukio la sindano inayoelekezwa jichoni. Mtu anayependa gemu na ana fobia atakutana nayo siku moja, atake asitake, na ni afadhali akutane nayo akiwa amejiandaa.

Picha peke yake inatosha kuiamsha hofu. Ubongo una sehemu ndogo iitwayo amigdala inayopokea ishara ya hatari na kuutayarisha mwili kabla fikra hazijamaliza kuichambua ishara hiyo. Ndiyo maana moyo huenda mbio, viganja hutoka jasho na kifua hubana, ingawa mchezaji anajua vizuri kwamba mbele yake kuna kioo na rangi tu. Mwenye fobia haamini kwamba buibui atatoka kwenye televisheni. Anajua hatatoka, na bado mwili wake unakimbia. Kumwambia "hiyo ni gemu tu" hakumpi habari mpya; kunamwongezea aibu.

Gemu pia ina ugumu ambao filamu haina. Mtazamaji wa filamu akifumba macho, hadithi huendelea na tukio hupita. Mchezaji akifumba macho, mhusika wake huuawa na kurudishwa nyuma, kisha tukio lile lile humsubiri tena. Lazima atazame, tena kwa makini, na lazima mkono wake ndio umsogeze mhusika kuelekea kwenye kitu anachokiogopa. Lakini mkono huo huo ndio faida yake kubwa. Hakuna mahali pengine ambapo mtu anaweza kumsimamisha buibui hewani kwa kitufe kimoja, kupunguza miguu yake, kuzima sauti yake, au kumwacha hapo na kwenda kunywa maji.

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, mchezaji anahitaji kuamua anataka nini. Kuna anayetaka kufurahia hadithi au kucheza na wenzake bila kusumbuliwa. Huyo anahitaji kinga, na kinga ni haki yake. Kuna anayetaka kuipunguza hofu yenyewe. Huyo anahitaji mazoezi, na mazoezi yana kanuni tofauti kabisa. Mambo mengi huharibika pale malengo haya mawili yanapochanganywa: mtu amekaa jioni apumzike, akakutana na kitu cha kutisha, akajilazimisha kukikabili kwa sababu rafiki anamtazama, akazidiwa, akazima mashine akiwa kwenye kilele cha hofu. Hakupumzika wala hakujifunza, na mara ijayo hofu itamwahi mapema zaidi.

Anayetaka kinga huanza kabla ya kununua. Alama za umri zilizo kwenye gemu husaidia kidogo tu. Mfumo wa Ulaya wa PEGI, ulioanza 2003, una alama ya kuonyesha kwamba gemu inatisha, na mchoro wa alama hiyo ni buibui, jambo lisilomfaa hata kidogo mtu anayemwogopa mdudu huyo. Alama hizo hupima umri na ukali wa mambo kwa jumla; hazisemi kuna nyoka, kuna sindano, au kuna sura nzima inayochezwa ndani ya bomba jembamba. Taarifa za aina hiyo hupatikana kwa wachezaji wengine. Mkusanyo uitwao Does the Dog Die, ulioanza 2010 kwa swali la iwapo mbwa hufa katika filamu, sasa huorodhesha mamia ya mambo yanayoumiza au kutisha watu katika filamu na gemu, na kila jambo hupigiwa kura na waliokwisha kutazama au kucheza.

Swali linaloulizwa liwe na mipaka. "Kuna buibui?" halitoshi, kwa kuwa jibu ni ndiyo katika gemu nyingi mno. Yafaa kujua wako sehemu gani, ni wengi kiasi gani, wanaweza kupitwa bila kupigana nao, hushuka ghafla kutoka juu au huonekana kwa mbali, na kama kuna tukio la lazima ambamo hufunika skrini nzima. Mwenye hofu ya maji aulize kama kuna kupiga mbizi kwa lazima na kama kuna kitu kinachomvuta mhusika chini. Video za watu wanaocheza ni msaada mzuri zikitazamwa kwenye skrini ndogo ya simu, sauti ikiwa imezimwa, na ubora wa picha ukiwa umeshushwa, jambo ambalo pia huokoa bando. Mwenye hofu kali amwombe mtu mwingine atazame kwanza na kumweleza kwa maneno. Pesa nazo zina kinga yake: duka la Steam hurudisha fedha kwa gemu iliyonunuliwa ndani ya siku 14 na kuchezwa chini ya saa 2, kwa hiyo saa hizo za mwanzo zitumike kufungua menyu na kukagua mipangilio, si kukimbilia hadithi.

Mipangilio hiyo imeongezeka sana tangu mwisho wa miaka ya 2010. Satisfactory ya kampuni ya Coffee Stain ya Uswidi, iliyoanza kuuzwa 2019 kabla ya kukamilika, ina swichi inayowaondoa viumbe wanaofanana na buibui na kuweka picha za paka mahali pao. Grounded ya kampuni ya Obsidian ilikwenda mbali zaidi. Gemu hiyo, iliyoanza kuchezwa 2020 na kukamilika 2022, huwafanya wachezaji wawe wadogo kama sisimizi ndani ya bustani ya nyumba, mahali ambapo buibui huonekana mkubwa kama gari. Badala ya swichi ya kuwasha na kuzima, kuna kitelezi chenye hatua kadhaa: kwanza miguu hupungua, kisha huondoka, kisha meno na umbile hupotea, mpaka hatua ya mwisho ambapo buibui ni mviringo unaoelea. Uamuzi wa kuweka hatua badala ya swichi ni wa busara sana, kwa sababu hofu za watu hazifanani. Mmoja huogopa miguu tu na namna inavyokwenda, mwingine huogopa mwili wenye manyoya, na mwingine hawezi kuvumilia hata umbo la mbali.

Wengine walifuata, kila mmoja kwa njia yake. Katika Lethal Company ya 2023, panapostahili kuwa na buibui panakuja maandishi tu, yaani jina lake kwa Kiingereza. Hogwarts Legacy ilitoka Februari 2023 bila kipengele hicho na ikakiongeza katika sasisho la 2024, kwa hiyo gemu iliyomshinda mtu ilipotoka inastahili kukaguliwa upya. World of Warcraft iliwageuza buibui kuwa kaa mwaka 2024, pale hadithi yake mpya ilipoingia katika ufalme wao. Monster Hunter Wilds ya 2025 hugeuza viumbe wadogo wa aina ya buibui kuwa ute unaotambaa. Mchezaji asome maelezo ya kipengele chenyewe kabla ya kukiamini: mara nyingi huwahusu baadhi ya viumbe tu, na huenda kikabadili umbo huku sauti, tandabui au sanamu zilizochongwa ukutani zikibaki vilevile.

Hofu nyingine zimehudumiwa kidogo sana, na huu ni upungufu ambao watengenezaji wanapaswa kuurekebisha. Buibui amepata swichi yake. Nyoka, kimo na sindano bado. Kwa maji mfano mzuri unatoka Amsterdam, kwa kampuni ya Guerrilla, ambayo mwaka 2023 iliongeza katika Horizon Forbidden West kipengele cha watu wanaoogopa kina cha bahari. Kipengele hicho huongeza mwanga chini ya maji na kumpa mhusika pumzi isiyokwisha. Aliyekibuni aliielewa hofu yenyewe: kinachomtesa mwenye fobia hii ni giza lililo chini ya miguu yake na saa ya pumzi inayoyoyoma, na vyote viwili huondoka bila bahari kuondolewa. Kwa damu na majeraha, Dead Space iliyotengenezwa upya 2023 humwezesha mchezaji kupewa onyo kabla ya tukio zito na kuyaficha matukio ya kuchukiza. SOMA ya 2015, inayochezwa katika kituo kilicho chini ya bahari, iliongezewa Desemba 2017 hali ya usalama ambamo mazimwi wapo lakini hawamuui mchezaji. Kwa watu wengi hilo linatosha kabisa, maana waliogopa kukamatwa kuliko kuona.

Gemu isiyo na kipengele chochote cha fobia bado ina menyu ya kawaida, na menyu hiyo ina nguvu kuliko inavyodhaniwa. Cha kushughulikiwa kwanza ni sauti. Sehemu kubwa ya hofu katika gemu huletwa na masikio: muziki unaopanda, kucha zinazokwaruza, pumzi ya kitu kisichoonekana. Gemu nyingi hutenganisha muziki, maneno na sauti za matukio, kwa hiyo muziki na matukio vinaweza kushushwa huku mazungumzo yakiachwa. Wapo hata hivyo ambao kimya huwazidishia hofu, kwani hawajui adui yuko wapi. Hao wawashe maandishi yanayoeleza sauti, yakiwapo, ili wapate taarifa bila mshtuko. Vipokea sauti vya masikioni viwekwe pembeni na spika ndogo itumike, kwa sababu sauti inayotoka chumbani ina umbali, na inayotoka ndani ya sikio haina.

Kisha skrini. Kuongeza mwangaza huiondoa sehemu ya giza ambayo mtengenezaji aliitegemea. Kuicheza gemu ndani ya dirisha dogo la kompyuta, au kusogeza kiti nyuma, hukipunguza kitu kinachotisha na kurudisha chumba machoni. Taa ya chumba iwake. Pale gemu inaporuhusu kuchagua kati ya kuona kwa macho ya mhusika na kumwona mhusika kwa nyuma, mwenye hofu ya kimo au ya mahali pembamba achague ya pili. Mwili unaoanguka unakuwa wa mtu mwingine. Ugumu nao ushushwe bila aibu. Minecraft ikiwekwa katika kiwango cha amani haileti buibui wala maadui wengine wa usiku, na ujenzi wote unaendelea.

Kwenye kompyuta kuna pia nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe. Skyrim ya 2011 ilipata mapema nyongeza inayowageuza buibui wake kuwa dubu, ambao huwatisha watu kwa namna nyepesi zaidi. Nyongeza hizi zichukuliwe mahali panapoaminika, faili za mchezo zikiwa zimehifadhiwa kando, na zisitumike katika gemu za kushindana mtandaoni, kwani huko huweza kuhesabiwa kuwa udanganyifu na akaunti ikafungwa.

Msaada wa mtu ni wa zamani kuliko mipangilio yote. Mchezaji kumpa mwenzake pedi apite sehemu moja ngumu, naye mwenyewe kugeuka upande mwingine, hakupunguzi thamani ya mchezo hata kidogo. Katika vibanda vya gemu, ambako watu huchezea mbele ya umati wa vijana wanaosubiri zamu, jambo hili lina uzito wake, kwa kuwa anayepiga kelele kwa hofu huwa kichekesho cha wiki nzima. Anayejijua achague gemu zake za kutisha kuzichezea nyumbani, na pale kibandani acheze mpira au magari. Kwa wanaocheza mtandaoni kwa kikundi, ambako hakuna kusitisha, maelewano yafanyike mapema: mmoja atangulie pangoni, na atakayesema neno lililokubaliwa aachwe arudi nyuma bila maswali.

Hofu ikishapanda katikati ya mchezo, kitufe cha kusitisha ndicho dawa ya kwanza. Menyu ikifunguka, kile kilichokuwa kikisogea kinasimama. Mchezaji aweke miguu yote miwili sakafuni, aangalie vitu vilivyomo chumbani na kuvitaja kimoyomoyo, kisha apumue taratibu, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia. Mapigo ya moyo hayatashuka mara moja, na hayahitaji kushuka mara moja. Wimbi la hofu hupanda, hufika kileleni, na hushuka lenyewe likiachwa. Kinachofaa kuepukwa ni kuzima mashine wimbi likiwa juu kabisa. Ubongo huhesabu nafuu ya kukimbia kama ushahidi kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa, na somo hilo huimarika kila linaporudiwa. Kusubiri ndani ya menyu mpaka mwili utulie kiasi, kisha kuamua kwa utulivu kuendelea au kuacha, hufunza kinyume chake. Kuacha baada ya kutulia ni uamuzi halali.

Kanuni ya kutulia na kupumua taratibu ina tofauti moja inayopaswa kujulikana na kila mtu, nayo ni fobia ya damu, sindano na majeraha. Katika fobia nyingine msukumo wa damu hupanda na mtu hazimii kwa urahisi. Katika hii hupanda kidogo kisha huporomoka, na mtu huweza kuzimia kweli. Kulegeza mwili na kupumua polepole hakumsaidii; humsogeza karibu na kuzimia. Mtaalamu wa Uswidi, Lars-Göran Öst, na wenzake walibuni katika miaka ya 1980 njia ya kukaza misuli. Mtu akiwa ameketi hukaza misuli ya mikono, miguu na kiwiliwili kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka ahisi joto usoni, kisha huachia kwa sekunde 20 hadi 30 bila kulegea kabisa, na kurudia mara 5 hivi. Msukumo wa damu hupanda na kizunguzungu huondoka. Mwenye fobia hii ajifunze njia hiyo kabla ya kufungua gemu yenye upasuaji au sindano, na asicheze akiwa amesimama.

Anayetaka mazoezi, si kinga tu, anaingia katika njia iliyopimwa kwa muda mrefu. Mwaka 1924 Mary Cover Jones wa Marekani alieleza jinsi mtoto aitwaye Peter alivyopunguziwa hofu ya sungura kwa kusogezewa mnyama huyo kidogokidogo, huku akila chakula anachokipenda. Joseph Wolpe, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini, aliipa njia hiyo mpangilio wake katika kitabu cha 1958: hofu hupangwa kwa ngazi, kutoka hatua nyepesi hadi nzito, na mgonjwa hupanda moja baada ya nyingine. Kompyuta ziliingia mapema. Mwaka 1995 Barbara Rothbaum na wenzake walichapisha matokeo ya kuwatibu watu wanaoogopa kimo kwa kutumia madaraja na roshani za kompyuta, na miaka miwili baadaye watafiti wa Seattle walieleza tiba kama hiyo kwa mgonjwa mwenye hofu ya buibui. Mwaka 2018 kundi la Daniel Freeman wa Chuo Kikuu cha Oxford lilitangaza jaribio la watu 100 wenye hofu ya kimo, ambamo walioongozwa na mkufunzi wa kompyuta ndani ya ulimwengu wa miwani ya uhalisia pepe walipata nafuu kubwa kuliko ambao hawakupewa tiba hiyo.

Gemu ya kawaida haikutengenezwa kuwa tiba, na tofauti hii isisahaulike. Tiba humwonyesha mtu kitu anachokiogopa kwa kipimo, hukiacha hapo, na humngojea. Gemu hutaka kushtua. Kwa hiyo mchezaji mwenyewe ndiye anayepaswa kuweka kipimo, na kitelezi cha Grounded kinafaa sana kwa kazi hiyo. Hatua ya kwanza inaweza kuwa kutazama picha ya buibui wa gemu akiwa mviringo, gemu ikiwa imesitishwa. Inayofuata ni kumwona akitembea kwa mbali, sauti ikiwa imezimwa. Kisha kwa sauti. Kisha kitelezi kinarudishwa nyuma hatua moja na yote yanarudiwa. Kila hatua ipewe alama ya hofu kati ya 0 na 100, kipimo ambacho Wolpe alikitumia, na mchezaji asogee mbele pale tu ambapo hatua iliyopo imekuwa ya kuchosha. Uchovu wa kuona kitu kile kile ni dalili nzuri kuliko ushujaa.

Kuna jambo jingine ambalo watafiti wa karibuni, akiwamo Michelle Craske wa Marekani, wamelisisitiza: mtu hujifunza zaidi pale anachokitarajia kinaposhindwa kutokea. Kwa hiyo kabla ya kila zoezi mchezaji aandike kwa maneno mafupi anachodhani kitatokea. "Nitazimia." "Nitapiga kelele na sitaweza kunyamaza." "Sitalala leo." Baada ya zoezi aandike kilichotokea. Pengo kati ya mistari hiyo miwili ndilo somo. Mazoezi yafanyike pia mahali tofauti, saa tofauti na kwa gemu zaidi ya moja, kwa kuwa hofu iliyopungua kwenye kiti kimoja mbele ya skrini moja huweza kurudi yote kwenye chumba kingine. Vinywaji vya kuongeza nguvu na kahawa nyingi viachwe kabla ya zoezi. Huupeleka moyo mbio, na mchezaji atadhani ni hofu.

Miwani ya uhalisia pepe inahitaji tahadhari zaidi. Ndani yake hakuna chumba cha kuangalia pembeni wala kiti cha kusogeza nyuma. Gemu inayochezwa humo iwe imekwisha kuchezwa au kutazamwa kwenye skrini ya kawaida, mchezaji awe ameketi, na mtu mwingine awepo chumbani. Kufumba macho na kuivua miwani kufanyiwe mazoezi kabla ya gemu kuanza, ili mikono isihangaike baadaye.

Si kila usumbufu unaoletwa na gemu ni fobia. Kichefuchefu na kizunguzungu wakati kamera inazunguka ni ugonjwa wa mwendo, na hupungua kwa kupanua upeo wa kuona na kuzima mtikisiko wa kamera. Degedege linalosababishwa na mwanga unaometameta ni jambo la hatari: Desemba 1997, nchini Japani, zaidi ya watoto 600 walipelekwa hospitalini baada ya kutazama kipindi cha katuni ya Pokémon chenye mimweko ya rangi nyekundu na buluu. Anayepoteza fahamu au kukakamaa aache kucheza na amwone daktari. Tofauti ya tatu ni kiwewe. Mtu aliyenusurika ajali ya chombo cha majini, kama zile za Ziwa Victoria za MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, au aliyekimbia vita, anaweza kuonekana kama mwenye hofu ya maji au ya milio. Hofu yake imebeba kumbukumbu ya jambo lililomtokea. Ngazi ya mazoezi iliyoelezwa hapo juu si ya kufanywa na mtu huyo akiwa peke yake. Anahitaji mtaalamu pembeni yake.

Kwa watoto, fobia nyingi za wanyama huanzia katika umri wao, na mzazi ana nafasi kubwa. Asimcheke mtoto, asimlazimishe, na asimwambie hakuna nyoka mbele ilhali yupo, maana uongo huo ukigundulika mara moja mtoto hataamini tena neno lolote kuhusu kilicho nyuma ya mlango. Afadhali aseme ukweli: "Yuko kwenye chumba kinachofuata, upande wa kushoto, naye hatoki humo." Aketi pamoja naye, ampe yeye kitufe cha kusitisha, na amwache aamue lini wataendelea. Kumzuia gemu zote kabisa humfunza kwamba hofu yake ilikuwa sahihi. Ndoto mbaya zikidumu usiku baada ya usiku, au mtoto akianza kuogopa hata chumba ambamo televisheni imewekwa, gemu hiyo isimame kwa muda.

Mtu mzima naye ana dalili za kumwonyesha kwamba jambo limetoka nje ya gemu: anakwepa ufuo, stoo, ghorofa au kliniki, anakataa sindano anayoihitaji, anakosa usingizi, au kazi na masomo vinaanza kuathirika. Hapo msaada wa kitaalamu unahitajika, na fobia ya kitu mahususi ni kati ya matatizo ya akili yanayotibika vizuri zaidi. Öst alionyesha mwaka 1989 kwamba kikao kimoja kirefu, cha hadi saa 3, huweza kuleta nafuu kubwa. Huduma za afya ya akili zipo Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mirembe mjini Dodoma, Mathari jijini Nairobi na Butabika mjini Kampala, na hospitali nyingi za mikoa na kaunti huweza kumpa mgonjwa rufaa ya kufika huko. Anayekwenda aulize moja kwa moja kama kuna mtaalamu anayetoa tiba ya kukabili hofu kwa hatua, maana dawa za kutuliza peke yake hazifundishi ubongo jambo jipya. Aende na daftari lake la alama za 0 hadi 100, orodha ya mambo anayoyakwepa, na picha au video fupi ya tukio la gemu lililomshinda. Mtaalamu ataanza na mambo hayo kupanga ngazi ya tiba yake.